Mama Chupa na Mtungi wa Mama Mkwe

Watu wa kando ya mto walimwita Mama Chupa, na jina hilo lilimkera. Alikuwa mpima maji wa ofisi ya wilaya. Kazi yake ilikuwa kuingia mtoni na viatu vya mpira, kuchota sampuli kwa chupa pale wanapochota akina mama, kuzipanga kwenye kijisanduku cha barafu na kuziwahisha maabara kwa pikipiki kabla hazijaharibika.

Mara nyingi aliwahi, ila umeme haukumsubiri. Kabati la joto la kuoteshea vijidudu lilizimika katikati ya kipimo, na kazi nzima ikamwagwa kwenye sinki.

"Rudia tu," mkuu wake alimwambia bila kuinua macho.

"Nimerudia mpaka samaki wananijua. Tunahitaji jenereta."

"Tumeliomba. Vuta subira."

Alikuwa amevuta subira mpaka mikono ikamchubuka. Vile vipimo vichache vilivyofika mwisho vilisema jambo moja: maji yale yana kinyesi. Juu ya mto kulikuwa na vyoo vya soko, vimejengwa ukingoni kabisa. Aliandika ripoti, akajibiwa kwamba suala linashughulikiwa.

Lililomuuma zaidi lilikuwa nyumbani. Mama mkwe wake, aliyemlelea binti yake mdogo wakati yeye yuko kazini, alichota mtoni na kumnywesha mtoto hivyo hivyo. Tumbo la mtoto lilikuwa halitulii.

"Mama, nakuomba, yachemshe."

"Mwanangu, maji unayaona yalivyo maangavu. Ukiyachemsha yananuka moshi, mtoto anayatema."

Basi siku ofisi ilipoletewa chupa ndogo zenye karatasi ya dawa ndani, ambazo hazihitaji umeme na hugeuza maji yenye kinyesi kuwa meusi, alijaza moja kutoka kwenye mtungi wa mama mkwe, akaiacha jikoni. Kesho yake maji yalikuwa meusi tititi.

Mama mkwe aliitazama, akacheka. "Umetia wino. Mimi si mtoto wa kudanganywa."

Mama Chupa alitoka nje asije akasema neno la kumvunjia heshima mkwewe. Alizunguka nyumba mpaka hasira ikapungua, akarudi na chupa mbili mpya.

"Jaza mwenyewe, mama. Hii maji ya mtungi, hii yaliyochemshwa yakapoa. Ziweke unapotaka. Mimi sizigusi."

Mama mkwe alizifungia kabatini kwake, ufunguo akauning'iniza shingoni. Alipofungua kesho yake, ya maji yaliyochemshwa ilikuwa vilevile. Ya mtungi ilikuwa nyeusi kama masizi. Akaketi kwenye kigoda.

"Kwa hiyo ndicho nilichokuwa nampa mjukuu wangu?"

"Ndicho, mama."

"Na wewe ulijua, ukaniacha?"

"Mama, nimekwambia mwaka mzima."

"Uliniambia kwa mdomo," akajibu mama mkwe, na hapo macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

Tangu siku hiyo sufuria ya maji haikutoka jikoni, na tumbo la mtoto likatulia. Bibi akaipitisha chupa nyeusi nyumba kwa nyumba, na majirani nao wakaja kuomba zao. Mama Chupa akakimbilia ofisini akiwa na furaha aliyokuwa ameisahau.

"Zimekwisha," mkuu alisema. "Labda bajeti ijayo."

"Na vyoo vya soko?"

"Suala linashughulikiwa."

Alirudi nyumbani amekunja uso. Majirani walikuwa wakimsubiri mlangoni, na alipowaambia hakuna chupa, mmoja alinung'unika kwamba amezigawa kwa ndugu zake. Mama Chupa akawapita. Aliingia uani, akachukua shoka, akaanza kupasua kuni za kuchemshia maji. Kila pigo lilikuwa la ofisi, huku mama mkwe, amempakata mtoto, akimkosoa kwamba anapasua vipande vinene mno.