Mchezaji Niliyemchagua Mimi
Miaka ya sabini, timu yetu ya mpira pale mtaani Gatwekera ilipotafuta wachezaji wapya, kocha alichagua vijana warefu watupu. Mimi nilikuwa muuza omena tu, vile visamaki vidogo vya ziwani, na shabiki, lakini sikunyamaza.

"Kocha, unachagua wachezaji ama nguzo za stima? Yule fundi wa mpira, mfupi, wa mtaa jirani wa Lindi, wa mguu wa kushoto, umemwachia nani?"

"Mama, huyo amezeeka."

Nilimsumbua wiki nzima mpaka akachoka. "Haya, nimemwandika. Tukipigwa, ni wewe."

Jumapili, baada ya kanisa, tulitembea hadi Kawangware kucheza na timu ya huko. Fundi wangu alipokonywa mpira kila alipoupata. Kocha alikuwa akiniangalia tu, nami nilitamani ardhi inimeze. Mechi ikikaribia kuisha bila bao, kona ilipigwa, mpira ukamwangukia fundi wangu miguuni. Akaufyatua kwa kushoto. Kipa hata hakusogea.

Niliingia uwanjani mbio, viatu mkononi, nikipiga vigelegele. Kocha alinishika mkono, tukacheza densi mbele ya watu wote. Tangu siku hiyo hakupanga timu kabla ya kunipitia kuniuliza maoni.