Chungu Kilichopakwa Ngeu

Enzi za ruksa, mwekezaji aliomba ufukwe wetu wa ziwa kule Matema ajenge hoteli. Palepale palikuwa na shimo ambamo mama na wanawake wenzake wa Kikisi walichimba udongo wa vyungu, kama bibi zao. Siku hizohizo mama akafukua humo chungu kizima. Mimi nilikuwa afisa utamaduni wilayani Kyela, nikang'ang'ania kwamba chungu hicho ni cha kale, shimo lisiguswe. Wakubwa wakasema mtaalamu akithibitisha ni cha kale, shimo litalindwa. La sivyo mwekezaji anapewa hati.

Mtaalamu akaja na mashine ndani ya sanduku. Akatueleza kwamba inapiga miale juu ya chombo, na miale inayorudi inaonyesha madini yaliyomo kwenye udongo. Hakuna kumega, hakuna kukwaruza. Nilimpenda kwa hilo.

Mama akaleta chungu kwa mikono miwili. Kilikuwa kinang'aa. Alikuwa amekiosha, akakipaka ngeu mbichi, ule udongo mwekundu wa kurembea vyungu, na kukisugua kwa kokoto, kama vile anavyopeleka mnadani Jumamosi.

"Mgeni haonyeshwi chombo kichafu, mwanangu," akaniambia, uso umemchanua.

Nilielewa papo hapo. Mashine inasoma ngozi ya juu tu. Ningesema neno moja: pima ndani ya shingo, ngeu haikufika huko. Lakini nimuumbue mama mbele ya mgeni na mwenyekiti wa kijiji? Na niseme kweli, niliogopa pia kuonekana afisa mjinga, niliyeacha kitu kama kile jikoni kwa mama badala ya ofisini. Mficha uchi hazai, nami nilificha.

Mtaalamu akapiga miale pande tatu, akapima na chungu kipya cha mama.

"Havina tofauti," akasema.

"Ndaga fijo," mama akamshukuru, akicheka. Alidhani amesifiwa.

Hoteli ikajengwa, na ukuta ukazungushwa. Mama akawa anapanda mtumbwi kufuata udongo wa mbali, wenye mchanga, na vyungu vikawa vinampasukia motoni. Mpaka anakufa aliamini mashine ile ndiyo iliyodanganya, nami nikamwacha aamini. Najichukia kwa hilo.

Chungu ninacho hapa mezani. Hakina hata mkwaruzo. Ngeu imebanduka ubavuni, na chini yake pana udongo mweusi ambao mama hakuwahi kuufinyanga.