Chura Aliyepewa Jina la Kaka Yangu

Kaka yangu alikuwa mwalimu wa biolojia kule milimani, Kivu ya Kusini. Mvua ikikatika alishuka kijitoni kutafuta vyura. Siku moja akapata wawili wadogo kama kidole gumba, wenye tumbo la njano na mgongo wa vipele. Alisema hajawahi kuona wa namna ile, akawatia katika kichupa cha spiriti.

Vita vilipotufikia, alinipa kichupa hicho njiani. "Tangulia na mama," aliniambia. "Mimi nawarudia wanafunzi waliobaki shuleni. Tutakutana mbele."

Hatukukutana. Watu waliotoka kule baadaye walituambia ameuawa. Alizikwa wapi, hawakujua.

Tulivuka mpaka, tukapata kiwanja Juru, hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, tukalima maharage. Spiriti ilipopungua nilinunua nyingine sokoni Misiera nikaongeza. Kisha nikasikia habari za mhadhiri mmoja wa Mbarara anayechunguza vyura, nikampelekea kichupa.

Mhadhiri huyo aliwatazama kwa hadubini, akawapima vichwa na miguu, akakata kinyama cha paja kipelekwe maabara. Miezi ikapita. Aliponiita tena alikuwa akitabasamu.

"Hii haiko kwa kitabu yoyote," alisema. "Ni mpya. Tutaipa jina ya kaka yako."

Tukakaa kuandaa maelezo yake: rangi, vidole, mahali kijito kilipo. Akauliza, "Na inalia namna gani?"

Kaka alizoea kuiga mlio ule kwa midomo, na vyura wakamjibu. Nikajaribu. Nilichosikia kikitoka kinywani mwangu ni kaka mwenyewe, pumzi yake, na vile alivyokatiza katikati ili asicheke. Nikashindwa kuendelea. Mhadhiri akaandika kwamba sauti haijulikani.

Niliporudi Juru nilimkuta mama akichambua maharage. Nilimweleza yote nikidhani atafurahi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kachura kamepata jina," alisema. "Na mutoto wangu, kaburi yake iko fasi gani?"

Aliweka ungo chini, akajifunika kitenge usoni, akalia kwa mara ya kwanza tangu tuvuke mpaka. Nilikaa karibu naye hadi giza likaingia. Jioni ile hakuna aliyewasha moto.