Amri ya Kutopiga Yowe

Mgambo alinikuta bado nakamua maji kwenye kaptura ya mwanangu Marwa. Mtoto alikuwa ametumbukia kwenye kisima kisicho na mfuniko, nikapiga yowe, majirani wakashuka na kamba wakamtoa mzima. Na huyu kijana, niliyemfuta kamasi akiwa mdogo, ananiambia nahitajika ofisi ya kijiji.

"Dada Ghati, yowe limekatazwa. Si unajua koo zinatafutana ng'ambo ya mto?"

"Kwa hiyo, mura, ningeandika barua, mtoto asubiri majini?"

Akacheka, kisha akakumbuka kazi yake. Hapo uvumilivu wangu uliisha, maana amri hiyo naijua tangu nina miaka minane.

Kwetu Tarime nyumba zimetawanyika vilimani. Yowe la mama yangu lilikuwa refu, lenye mkunjo mwishoni, na waliolisikia walitupa majembe. Lilikuwa la nyoka, la fisi, la mwanamke aliyeshikwa na uchungu shambani. Watu walifika wanahema, wananuka jasho na udongo, na wakikuta nyoka ameshakufa walibaki kunywa uji na kumtania: "Mama Ghati, wewe unaweza kumwita hata aliyeko Kenya!" Jamani, natamani kuwaona tena wamejaa vile uani kwetu.

Kisha vijana wa koo mbili wakaanza kuchomeana nyumba. Serikali ikaleta askari kwa malori, mahema yakasimama uwanja wa shule, nasi watoto tukafurahia kukosa masomo. Bwana mmoja mgeni akatangaza mkutanoni: marufuku yowe, marufuku kukusanyika. Alishaambiwa kwamba yowe huita wapiganaji. Hakuuliza huita nani mwingine.

Mchana mmoja jiko la bibi likashika moto, naye bibi akiwa ndani, hawezi kutembea. Mama akafungua mdomo, halafu akauziba kwa kiganja. Alinituma kilima cha kushoto, yeye akakimbilia cha kulia, tukagonga nyumba moja moja. Tuliporudi na watu, paa lilikuwa limeshaanguka.

Nilimchukia mama kwa ukimya ule. Nilidhani ni woga. Nimekuja kuelewa nikiwa mama mwenyewe: alishawaona akilini wanaume wakija mbio na mapanga ya shambani, na askari wakidhani ni vita. Akachagua, na hakuna aliyepaswa kumlazimisha kuchagua vile. Wapiganaji wenyewe hata hawakuhitaji yowe. Walitumana kwa pikipiki, wakaendelea kuchoma. Walionyamaza ni sisi.

Basi, mgambo alipoondoka, badala ya kwenda ofisi ya kijiji nikachana karatasi ya katikati kwenye daftari la Marwa, nikaandika, nikapeleka wilayani mwenyewe, nikasimama pale mezani mpaka wakagonga muhuri wa kupokea:

"YAH: MALALAMIKO DHIDI YA AMRI YA KUKATAZA YOWE. Mimi mkazi wa kijiji kilichotajwa hapo juu naomba amri hiyo ifutwe. Ikiwa haitafutwa, naomba nijulishwe kwa maandishi: mtu akiungua ndani ya nyumba, wenzake wapige kelele ipi inayoruhusiwa, na ni afisa gani atakayeitika."