Shavu la Jepkemei

Jepkemei wa Keringet, mkulima wa viazi, alizaliwa na alama nyekundu iliyofunika shavu lake la kushoto. Nyumbani hakuna aliyeijali, mpaka mwaka 2007, watu wa Kipkirui, mchumba wake, walipokuja kumposa. Cheptoo, shangazi yake Kipkirui, alimtazama, akaweka kikombe chini.

"Hiyo ni damu ya mtu," alisema mbele ya wazee. "Babu yenu aliua. Hatuoi hapa."

Wakaondoka. Kipkirui aliwafuata bila kugeuka nyuma.

Jepkemei hakulia. Alimwambia mama yake, "Watarudi, na watanikuta." Akauza viazi, akateremka Nakuru kwa daktari wa ngozi, Hemali.

Daktari alikuwa na kamera ndogo ya kuonyesha mishipa ya damu chini ya ngozi. Jepkemei alidhani inafanya kazi kama muhuri, akaisukumia shavu kwa nguvu. Kioo cha kamera kikaonyesha ngozi tupu.

"Usibonyeze, dada! Ukibonyeza, damu inatoroka. Nisipoona mishipa iko wapi na ni minene kiasi gani, nitajuaje nguvu ya kuweka kwenye leza? Ngozi nyeusi huungua haraka."

Jepkemei alilegeza shingo. Mishipa ikajitokeza, imesongamana kama mizizi ya nyasi.

"Ni hii tu?"

"Ni hii tu. Umezaliwa nayo."

Jepkemei alicheka kwa uchungu. "Laana gani inakimbia ikibonyezwa?"

Mwaka huo alirudi kwa leza tena na tena. Ilichapa kama raba inayofyatuliwa usoni. Kila alipokaza meno alimwona Cheptoo. Alama ikafifia, ikawa kivuli.

Ghasia za uchaguzi zilipotulia na barabara kufunguka, 2008, wale watu wakarudi. Cheptoo alitangulia, meno yote nje.

"Binti yetu! Mungu ameifuta ile damu."

Wazee walizungumza, wakaelewana. Kisha, kama ilivyo desturi, Jepkemei akaitwa ndani.

"Hawa wageni unawajua?" baba yake aliuliza.

Akisema ndiyo, ameolewa. Aliwatazama mmoja mmoja.

"Siwajui."

"Jepkemei, ni mimi," Kipkirui alisema.

"Baba, na huyu pia simjui."

Hakuna mzee anayeuliza swali hilo mara mbili. Wageni wakasimama, mvua inanyesha, chai bado iko jikoni.

Mama yake alimfuata mlangoni. "Sasa umeridhika?"

Jepkemei alikuwa akimwangalia Cheptoo akiteleza kwenye matope, viatu mkononi.

"Bado. Acha kwanza afike barabarani."