Kopo la Mferejini

Mjukuu wa dada yangu ana pampu ya insulini. Anaibana kiunoni, ndogo kama redio ya mfukoni, na kimrija chake kinamwingizia dawa mwilini mchana kutwa. Jumapili alikuja kwangu hapa Same amevaa sweta. Kwa joto hili! Nikamuuliza kama ana homa. Akasema anaficha pampu, amezoea, maana shuleni wakiiona watamcheka.

"Bibi, wewe enzi zenu dawa ulificha wapi?"

"Mferejini," nikamjibu.

Nilikuwa msichana wa umri wake, kule juu milimani, miaka ile ya kupanga foleni ya sabuni na sukari kwenye duka la kijiji. Ndipo nikaugua kisukari, mimi niliyekunywa chai bila chembe ya sukari! Insulini ilitoka Moshi kwa kubahatisha, nayo ilitaka ubaridi. Friji tulizisikia tu. Mama akatia kichupa kwenye kopo la maziwa ya unga, akalifunga kwa kitambaa cheusi na kulizamisha chini ya mizizi ya mkuyu, pale maji yanapotoka kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia, yakiwa baridi ya kuuma meno. Tulijua sisi wawili tu. Mama aliamini kwamba ugonjwa wangu ukijulikana, hakuna atakayenioa. Mimi kuolewa wala sikukuwaza, nilichotaka ni kichupa changu.

Alichosahau Mama ni msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Siku hiyo ameshuka Same sokoni, baragumu likalia, kijiji kizima tukatoka na majembe kuzibua mfereji. Jirani yetu, mama mmoja wa kwaya mwenye sauti ya kengele, akaingiza mkono mizizini akatoka na kopo. Akafungua kitambaa, akaona kichupa, akapiga yowe.

"Hiki kimetegwa! Ndiyo maana maji hayafiki shambani kwangu!"

Watu wakarudi nyuma. Mwinjilisti akaanza kusali. Mzee aliyegawa zamu za maji akaagiza uwashwe moto, kitu kile kichomwe hapo hapo. Kilikuwa kichupa pekee, na Moshi walishatuambia hawajui kingine kitakuja lini. Bila hicho ningekufa, basi. Kuni zilipoanza kushika, niliruka mferejini na gauni langu la shule, nikampokonya yule mama kopo.

"Ni dawa yangu! Nina kisukari!"

Yule mama akashika kiuno.

"Kisukari? We mtoto, hiyo sukari kwenu mnaipata wapi?"

Kijiji kizima kikaangua kicheko, hata mwinjilisti akashindwa kumaliza sala. Nikacheka na mimi, huku nalia, kopo nimelikumbatia.

Jioni Mama alipopata habari, nilingoja fimbo. Hakunigusa. Alijifunika kanga gubigubi akalala bila kula.

Asubuhi tulipolirudisha kopo majini, tulimkuta yule mama wa kwaya ameinama mferejini, matope mpaka magotini. Alikuwa amepanga mawe chini ya mizizi, kijumba cha kutosha kopo, na jiwe bapa la mlango.

"Jana mkono wangu ulilipata upesi mno," akamwambia Mama. "Leo hata maji ya zamu yakifunguliwa, haliendi popote. Kila mtu ameshaambiwa asiliguse."

Mama akakaa ukingoni akalia kwa sauti, mbele ya mtu, mama yangu yule. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote.

Baadaye zikaja enzi za ruksa, biashara ikaachiwa huru, maduka ya dawa yakafunguliwa mjini, na mimi nikanunua friji. Kuolewa nikaolewa vilevile, tena na mtoto wa yule mama wa kwaya. Mahari yangu alikuja kuizungumza mwenyewe, na sauti yake ile ile ya kengele.

"Kwa hiyo," nikamwambia mjukuu, "vua hilo sweta, unanitia joto."

Akavua.