Nilitia Gia ya Kwanza, Ikarudi Nyuma

Mashine iliwaka. Nikatia gia ya kwanza, nikaachia klachi taratibu, mkono ukiwa thabiti.

Ikarudi nyuma.

Nikashika breki. Nikakagua gia: ni ya kwanza. Nikaachia klachi tena, nayo ikanibeba kinyumenyume mbele ya mama mkwe, shemeji na jirani, ikaingia stoo ilikotoka, ikagota ukutani.

Injini ikazima.

Jirani yangu ni msusi na mdomo wake hauna breki. Alidhani ananong'ona, lakini uani kote tulimsikia:

"Mwenyewe hataki itoke."

Mwenyewe alikuwa mume wangu. Na mume wangu alikuwa kaburini.

Naomba mnivumilie niwasimulie kwa mpangilio. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kurukaruka katika masimulizi kunanipa kizunguzungu.

Mume wangu alikuwa mchomeleaji. Siku zake za mwisho alikuwa akiunda kwadi, yaani pikipiki ya magurudumu manne, ili tupande nayo hadi kiwanja chetu cha mlimani, ambako gari halifiki na pikipiki ya kawaida huteleza. Fremu aliichomelea mwenyewe kwa mabomba. Injini aliing'oa katika pikipiki kuukuu: injini ya tu-stroki, ile inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili na kutoa moshi wa bluu.

Aliifungua ili aisafishe. Kisha akaugua, akafa, injini ikabaki vipande vipande ndani ya mabeseni.

Sikulia.

Watu walisubiri nilie. Walinitazama msibani kama wanavyotazama sufuria ya maziwa jikoni. Sikuchemka.

Nilikuwa na ganzi. Mnaijua ile ganzi ya mguu uliokaliwa mpaka ukafa? Kwangu ulikuwa mwili mzima. Nikipewa chai nilijua ni ya moto kwa sababu niliona mvuke. Nilikula kwa sababu sahani imewekwa mbele yangu, si kwa njaa.

Shule ilipofungwa kwa likizo, shemeji yangu alikuja na mkokoteni. Ni mdogo wa marehemu, fundi wa kuziba matairi, na mtaa mzima unamwita Pancha.

"Shem, nimefuata vile vyuma vya kaka."

"Vyuma gani?"

"Si ile kwadi. Wewe utaifanyia nini? Utasahihishia madaftari juu yake?"

"Haitoki hapa."

"Shem, mbona unakuwa mgumu hivyo? Hujui hata spana namba kumi na namba kumi na mbili zinatofautianaje."

"Kwa mbili," nikamjibu.

Hakucheka. Nami sikuwa nimetania.

Tukavutana wiki nzima, mpaka suala likafika kwa mama mkwe. Yeye si mtu wa maneno mengi. Alitusikiliza wote wawili, akatoa hukumu yake:

"Mwalimu, una likizo hii. Shule ikikaribia kufunguliwa nitakuja nikae hapa uani. Mashine ikitembea yenyewe mpaka getini, ni yako na asikuguse mtu. Isipofika, Pancha aibebe. Nisisikie tena kelele za vyuma, mwanangu bado hajaoza."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kuunda kwadi. Msidhani nilikuwa na shauku. Niliianza kama mtu anavyofagia chumba ambamo hakuna atakayelala.

Nilitandika shuka kuukuu sakafuni, nikavipanga vipande kwa jinsi nilivyodhani vinafuatana. Nilisugua masizi kwenye kichwa cha silinda kwa mswaki. Nilivunja ringi ya pistoni nikijifunza kuivisha. Zile ringi huvunjika kama biskuti. Nikaenda dukani kutafuta nyingine.

"Mwalimu, mwambie mzee aje mwenyewe," muuza spea akaniambia. "Nyinyi mnaotumwa mnachukuaga saizi siyo."

"Amefariki."

Yule bwana akanigeuzia mgongo. Akatafuta ringi kwenye rafu kwa muda mrefu sana, ingawa mimi nilikuwa ninaliona boksi lake pale pale alipokuwa amesimama.

Jioni Pancha alikuwa akija, anakalia tairi mlangoni mwa stoo, anatazama. Hakushika spana hata mara moja.

"Bado tu?"

"Bado."

"Hiyo haiwaki, shem. Nakwambia ukweli."

"Kama haiwaki, kwa nini unakuja kuiangalia kila siku?"

"Nakuangalia wewe usije ukajikata kidole. Mama atanila nyama."

Siku moja nilifika kwenye gurudumu la sumaku. Hilo ni gurudumu dogo zito linalokaa kwenye ncha ya shafti ya injini, na ndilo linaloipangia plagi wakati wa kutoa cheche. Nikaona kwenye shafti kijifereji kifupi kisicho na kitu. Ndani ya sumaku nako kuna kijifereji kama hicho.

Nikajiambia hizo ni njia za oili.

Pancha alikuwa pale mlangoni. Aliniona nikivisha sumaku, akainamia kamba za viatu vyake.

Sasa, sumaku ile niliikaza ikiwa imeelekea upande gani? Hapakuwa na kitu cha kunielekeza, nikatumia akili ya ubaoni. Kwa miaka yote niliyofundisha kusoma saa, vitu huzunguka kama mshale wa saa. Nikachukulia kwamba shafti nayo inazunguka hivyo, nikapanga kwa hesabu hiyo cheche itoke kabla kidogo ya pistoni kufika juu, nikakaza nati kwa nguvu zangu zote.

Shafti ya injini ile huzunguka kinyume cha saa.

Basi, siku ikafika. Mama mkwe akaketi kwenye kiti cha plastiki chini ya kamba ya nguo. Pancha akaja na mkokoteni wake. Msusi akaja na mteja wake aliyesukwa nusu kichwa.

Nikapiga kiki. Kimya.

Nikapiga tena. Kiki ikanirudishia teke la kisigino, halafu injini ikashika: *trrrin-tin-tin-tin*, moshi wa bluu ukajaa uani.

"Weee! Mwalimu!" msusi akapiga kigelegele.

Kilichofuata nimekwishawaeleza.

Nilipotoka stoo, mama mkwe alikuwa amesimama. Mteja wa msusi alikuwa ameshafika nje ya geti na nusu kichwa chake.

"Mwanangu," mama mkwe akaniambia kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko ukali. "Nilisema ifike getini. Imerudi ndani. Mwachie Pancha."

"Na waite mtu aiombee," msusi akaongeza. "Gia ya mbele irudi nyuma? Mimi nimezeeka, sijaliona hilo."

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kulia. Nilijitafuta nikakuta hakuna machozi. Nilichokipata ni ile hali ya darasani, pale mtoto anapoleta jibu lisilo sahihi lakini kwa hatua zilizonyooka. Jibu la namna hiyo haliji hivi hivi. Lina chanzo.

"Mama, nipe nafasi niifungue mbele yenu. Chuma hakina kinyongo. Kuna kitu nimekosea au kuna kitu hakipo."

Nikachukua spana, nikarudi stoo. Nikafungua kifuniko cha pembeni, nikafikia nati ya sumaku.

"Shem, acha," Pancha akasema.

Nikaendelea.

"Shem, nimekwambia acha! Hujakosea."

Sote tukamgeukia.

Alitia mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa kipande kidogo cha chuma chenye umbo la nusu mwezi, kidogo kuliko ukucha. Kilikuwa kimeng'aa kwa kushikwashikwa.

"Hiki ndicho kinakaa kwenye kile kijifereji," akasema. "Kinaishikilia sumaku kwenye shafti ili cheche itoke kwa wakati wake. Nilikichukua siku ya mazishi, watu walipokuwa wanakula. Bila hiki huwezi kupata kipimo, labda kwa bahati. Na ukikosea upande, tu-stroki haijali. Inazunguka kinyume, gia zote za mbele zinakuwa za nyuma."

"Ulitaka nishindwe uichukue," nikasema.

"Nilitaka isiwake. Kwako, kwangu, popote. Ningeifunika turubai tu."

"Kwa nini?"

Pancha akamtazama mama yake, si mimi.

"Kaka alikuwa haachi kazi katikati. Mnamjua. Ile injini ikiwa kwenye mabeseni, mimi nikipita hapa naona kama katoka kidogo, kaenda kununua vijiti vya kuchomelea, anarudi. Ikiwaka..." Akakifumbata kile chuma kiganjani. "Ikiwaka imekwisha, shem. Hana tena kazi hapa."

 

Nilisimama na spana mkononi. Nikamwona shemeji yangu kwa mara ya kwanza tangu msiba. Alikuwa amekonda. Shati alilovaa lilikuwa la marehemu. Wakati wote ule watu walipokuwa wakinitazama mimi kama nitalia, yeye hakutazamwa na mtu, kwa sababu alikuwa anatania.

Mama mkwe akakaa tena kwenye kiti.

"Mpe mwenzako hicho chuma," akamwambia. "Nami bado nipo. Jua halijazama."

Pancha hakunipa. Alipiga magoti stoo, akakiweka mwenyewe kwenye kijifereji, akavisha sumaku, akaniachia nati niikaze mimi. Kile chuma kilimdondoka mara mbili kabla hakijakaa. Mimi sikudondosha kitu, na sisemi hivyo kwa kujisifu.

Nikapiga kiki. Ikawaka. Gia ya kwanza, klachi taratibu.

Ikaenda mbele.

Pancha alitangulia mbio kufungua geti, huku analia kwa sauti kama mtoto aliyepotea sokoni. Nikamfikia pale getini, nikasimamisha mashine, nikaizima.

Nilitegemea kitu kije. Furaha, au hayo machozi yaliyodaiwa kwangu na ukoo mzima. Hakikuja.

Mama mkwe akatufuata polepole, akaniwekea mkono begani.

"Unasikiaje, mwanangu?"

Nikajipekua kwa uaminifu kabla ya kumjibu.

"Nasikia njaa, mama."

Akautoa mkono begani. Kisha akaondoka kuelekea jikoni kwa mwendo ambao sikujua kwamba magoti yake bado yanauweza, akiita njia nzima: "Pancha! Acha kulia uniwashie jiko! Mwalimu ana njaa! Umesikia? Amesema ana njaa!"

Nilichojifunza nitakisema kwa kifupi. Katika nyumba yenye msiba, usimhesabie mtu machozi. Mwingine anaomboleza kwa kukaza nati na mwingine kwa kuficha kipuri, na wote wawili wanahitaji kukaa stoo moja. Na kama kuna anayekuja kila jioni kukuudhi, kabla hujamfukuza, muulize amefiwa na nani.